Mutu Aliyesimama Chini ya Utepe

MUHANNA: Haloo? Ni nani uyu?

LANDRY: Hapa ni ofisi ya nidhamu ya internati, bweni la shule. Tunamtafuta mwanafunzi mmoja anayetembea hewani bila ruhusa ya—

MUHANNA: Landry, mujinga we! Usinichekeshe, bega linauma.

LANDRY: Pole, ndugu yangu. Bado uko kliniki?

MUHANNA: Mpaka kesho. Bega wamelirudisha. Daktari anasema bila ile kamba ya kiunoni, leo mungekuwa munanizika.

LANDRY: (akinong'ona) Usiseme hivyo.

MUHANNA: Haloo? Rezo ya simu inakatika!

LANDRY: Niko. Muhanna, kuna kitu nilitaka—

MUHANNA: Ngoja, mi kwanza! Jana kule Zone Industrielle, kwenye viwanda, nikiwa natembea katikati ya utepe tuliofunga kati ya paa la ghala hili na lile, si ulipiga kelele, "Baba yako uyo chini"?

LANDRY: ...Ndiyo.

MUHANNA: Nikaangalia chini, nikaanguka. Sasa sikia. Leo nimemwambia muzee yote. Utepe, namna tulipanda, yote! Si alijionea mwenyewe?

LANDRY: Umemwambia? Akasema nini?

MUHANNA: Anajifanya hakuwa pale! Eti, "Mi nilikuwa dukani." Unaona? Hataki nijue.

LANDRY: Labda kweli alikuwa—

MUHANNA: Apana! Miaka mine internati, siku ya wazazi hajakuja hata moja. Anamtuma dereva na katoni ya biskuti.

LANDRY: Biskuti ambazo bweni zima lilizipokea kwa heshima kubwa.

MUHANNA: Acha mchezo. Jana alifunga duka, Landry. Akaja kuniangalia mi. Alivaa nini?

LANDRY: ...Kanzu.

MUHANNA: Nyeupe?

LANDRY: Nyeupe.

MUHANNA: Alikuwa anaangalia juu?

LANDRY: Muhanna, uniti zangu za simu zinaisha—

MUHANNA: Niambie tu! Ah, uyo anaingia. Nakuweka kwa spika, umwambie mbele yangu kwamba ulimuona. Leo atakosa pa kujificha! Baba, karib—

LANDRY: Usiweke! Muhanna, usiweke spika!

MUHANNA: Kwa nini?

LANDRY: Hakuja. Nilitaka tu ushtuke, tucheke kidogo.

MUHANNA: Nini?

LANDRY: Nisamehe. Tangu jana sijala. Haloo? Muhanna?

MUHANNA: (sauti ya chini) Pale chini... hakukuwa na mutu?

LANDRY: Hata mumoja.

MUHANNA: (mbali na simu) Apana, baba. Simujui. Amekosea namba.