Mkono Ukiinuliwa: Maisha ya Dokta Subiri

Marehemu tunayemzika leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Dokta Subiri, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Juni 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa karani wa stesheni na mshonaji wa nguo. Mtoto wa kwanza ni mama yangu, aliyemtangulia kwa miaka mitatu na kumbeba mgongoni mpaka uzito ulipomshinda. Familia imeniomba mimi, fundi wa meno bandia niliyefanya kazi chini ya marehemu, niyaandike na kuyasoma maisha yake. Mama ameniagiza nisipunguze neno. Mume wa marehemu ameridhia.

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, na mwaka 1979 akaingia chuo cha udaktari wa meno. Mama alikuwa ameacha shule mapema ili amsaidie bibi kwenye cherehani, kwa hiyo likizo za mdogo wake zilikuwa sikukuu kwake. Marehemu alikuwa akimkalisha mlangoni penye mwanga, anampanua mdomo kwa mpini wa kijiko na kumhesabia meno kwa sauti, huku bibi akiuliza kama yamepungua tangu likizo iliyopita. Alihitimu mwaka 1984. Alipenda kusema kwamba mgonjwa wake wa kwanza alikuwa dada yake, na kwamba hakuwahi kupata mwingine mtulivu kama yeye.

Aliajiriwa mwaka 1985 katika hospitali ya serikali, kwenye chumba chenye dirisha moja lililotazama ukuta wa jiko. Kiti cha wagonjwa kilipandishwa kwa kukanyaga pampu, na mara nyingine kilishuka chenyewe katikati ya kazi. Katika chumba hicho, tarehe 17 Aprili 1990, mama alikwenda kung'olewa jino la mwisho la chini, upande wa kulia, lililokuwa limelala kwa ubavu. Marehemu aliitazama picha ya jino, akachoma sindano ya ganzi, akangoja, akaanza. Mama akainua mkono kuonyesha kwamba bado anasikia maumivu. Akaongezwa sindano. Akainua mkono tena. Hapo marehemu, kwa utani wa ndugu waliokua wakilala kitanda kimoja, akamwambia, "Dada, umeanza lini uoga? Hiyo ni hofu tu, tulia nimalize." Muuguzi akaushika ule mkono. Jino likatoka. Ganzi ilitakiwa iishe jioni ile. Katika nusu ya kidevu na mdomo wa chini wa mama haijaisha mpaka leo hii tuliyokusanyika hapa.

Ndani ya taya la chini mna mfereji unaopitisha mshipa wa fahamu, kutoka nyuma mpaka kwenye tundu dogo karibu na kidevu. Vitabu huchora mfereji mmoja kila upande. Marehemu alikuja kusoma baadaye kwamba wapo watu ambao mfereji wao hugawanyika, tawi la juu likapita kando kabisa ya mizizi ya jino la mwisho. Kwa watu hao sindano ya kawaida huenda isitoshe, na jino likitolewa mshipa unaweza kujeruhiwa. Ikiwa taya la mama ni la namna hiyo, basi kila alipoinua mkono alikuwa akisema kweli tupu.

Hawakugombana. Walisalimiana, walizikiana na kuozeshana. Lakini kuanzia mwaka ule mama hakula tena mbele ya mdogo wake, wala kunywa chai, kwa sababu hahisi kitu kikimdondokea kidevuni, na hakutaka kujipangusa mbele yake. Nyumbani baba alikuwa akigusa kidevu chake mwenyewe kumjulisha mama. Sisi watoto tulidhani hiyo ni adabu ya mezani ya watu wote, mpaka kaka yangu alipomgusia kidevu mgeni mwenye ndevu, na mgeni akadhani ndevu zake zinachekwa.

Mwaka 1993 marehemu alihamia chuoni kufundisha, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2019. Alikuwa na meza yenye mataya makavu ambayo kila mwanafunzi alitakiwa kuyapapasa: lenye matundu mawili ya kidevu upande mmoja, lenye shimo nyuma ya jino la mwisho, lililobonyea upande wa ulimi hata chombo kikiteleza kinatokea pasipotakiwa. Aliwaambia kitabu kimechora taya moja tu, na mwenye taya hilo bado hajafika kliniki. Jina la Subiri alilipata hapo. Kanuni yake ilikuwa kwamba mgonjwa akiinua mkono, vyombo vyote vinawekwa kwenye trei, daktari anasema "subiri kwanza," na mgonjwa anasikilizwa mpaka amalize. Mtu aliyeushika mkono wa mgonjwa hakurudi darasani wiki hiyo.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na fundi saa, ambaye yupo nasi. Mungu aliwajalia mtoto wa kiume na wa kike. Baba yetu mdogo huyu alizoea kulalamika kwamba mkewe akimsalimia mtu hutazama taya kwanza, macho baadaye, na kwamba hata yeye alipoposa alikaguliwa kabla ya kujibiwa.

Chuo kilipopata mashine ya picha inayozunguka kichwa na kuonyesha mifereji yote ya taya, mwaka 2012, marehemu alikuja nyumbani kumwomba mama akapigwe picha. Alitaka kujua. Mama alikuwa akikunja nguo, naye hakuacha kuzikunja. Alimjibu, "Ukishaiona hiyo picha ndipo utaniamini? Basi hata leo hujaniamini." Marehemu alirudi na ombi hilo mara nyingi, kwa maneno tofauti, na jibu halikubadilika.

Mwaka 2020 marehemu alitibiwa saratani ya titi, akapata nafuu. Mwezi Februari mwaka huu wa 2024 aliamka kidevu chake kikiwa na ganzi upande wa kushoto, bila jino lolote kuguswa. Alijua maana yake, kwa kuwa alikuwa akiifundisha. Daktari kijana aliyempokea alimwambia huenda ni uchovu. Marehemu akainua mkono, akamwambia, "Subiri kwanza, mwanangu." Vipimo vilionyesha kwamba saratani imeingia kwenye mfupa wa taya.

Alhamisi ya tarehe 5 Septemba mama alikwenda kumtazama. Nilikuwepo. Chai ililetwa vikombe viwili, na mama, tofauti na desturi yake, akapokea cha kwake. Tone likamdondokea marehemu kidevuni naye asijue. Mama akagusa kidevu chake mwenyewe. Marehemu akamtazama, akajipangusa, kisha akasema, "Dada, ulikuwa unasikia. Uliniambia, na mimi sikukuamini. Hiyo picha siitaki tena." Mama alikunywa chai yake mpaka ikaisha, naye akagusiwa kidevu, akajipangusa palepale. Alipoweka kikombe chini alisema, "Sasa nitakwenda kupigwa. Niandikisheni Jumatatu."

Marehemu alifariki dunia Jumamosi, tarehe 7 Septemba 2024, saa moja asubuhi, akiwa mikononi mwa mumewe. Jumatatu ilifika nyumba ikiwa na waombolezaji, na mama hakwenda. Hivyo tunamzika leo bila kujua mfereji wa taya la dada yake unapita wapi, jambo alilolitafuta sehemu kubwa ya maisha yake. Mama amesema atakwenda wiki ijayo, na picha itabandikwa ukutani juu ya ile meza ya mataya, wanafunzi waisome, vyovyote itakavyoonyesha.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, watoto wa dada wawili, na madaktari wengi ambao leo asubuhi, mahali fulani, wameweka vyombo kwenye trei kwa sababu mgonjwa ameinua mkono.

Mungu ampokee, amsikilize mpaka amalize, na ampe pumziko lenye amani.