Punguzo la Marehemu

Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja, kinyozi aliyeitwa Wembe alikuwa akitoa benchi lake nje, akaliegemeza ukutani, akabandika birika la kahawa kwenye jiko la makaa na kuwangoja wabishi wake. Wa kwanza alikuwa Breki, dereva wa teksi, aliyepata jina hilo kwa sababu kila akigonga kitu husema breki zilikataa. Wa pili alikuwa Katiba, karani mstaafu ambaye hajawahi kukiri kwamba duniani kuna sheria asiyoijua. Nafasi ya mwisho, upande ambao ukuta una kiraka cha saruji, ilikuwa ya fundi saa. Lakini fundi saa alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kupakalia. Siku hiyo Breki aliweka hapo barua yake ya bima, akaitazama kama mtu anayemtazama shahidi wa uongo.

— Wamenipandishia tena! Nimewakosea nini watu hawa?

— Umegonga mara tatu mwaka huu, — alisema Wembe, akipuliza makaa.

— Mbili. Ile ya tatu nguzo ndiyo iliyonifuata.

— Nguzo ya umeme?

— Bwana wee, mtembezi hula miguu yake.

Katiba alikohoa. Alikuwa na kikohozi maalumu cha kufungulia hotuba.

— Si ajali tu. Wana jedwali. Wanaangalia umri wako, gari lako, na mtaa unakolala.

— Mtaa unaingiaje? Mchana kutwa mimi niko barabarani. Mtaani nalala tu.

— Ndiyo maana. Gari huibwa likilala. Yule daktari wa ng'ambo ya barabara kuu analipa nusu yako, na anaendesha kama anakimbiza mwizi.

— Kwa hiyo mimi nawalipia majirani zangu?

— Ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji.

— Methali hiyo usiitumie hapa, — Wembe alisema. — Kwangu maji natia mimi mwenyewe, na yamo kwenye bei.

Breki alikuwa amekwisha kupata moto. Alisema siri ni rangi: gari jekundu linahesabiwa kuwa na hasira. Katiba akasema rangi si kitu, siku hizi kompyuta inahesabu honi, na mpiga honi sana anaandikwa mgomvi. Breki akaruka.

— Sasa nimeelewa! Wanauliza habari za mkeo. Mwenye mke mkali hana haraka ya kufika nyumbani. Anaendesha polepole, anapunguziwa.

— Ingekuwa hivyo, — alisema Wembe, — wewe wangekuwa wanakulipa wao.

Walikuwa bado wanacheka gari kuukuu la fundi saa lilipotokea. Mjane wake aliliingiza kinyumenyume kati ya teksi na nguzo, mara moja tu, kama anayetia uzi kwenye tundu la sindano. Nyuma lilijaa kreti za mikate aliyokuwa akisambaza madukani. Alishuka, akaja moja kwa moja mpaka kwenye nafasi ya mumewe. Breki aliinyakua barua yake. Mama akakaa.

— Karibu, shemeji, — walisema wote kwa pamoja, na Wembe akammiminia kikombe.

— Asanteni. Na mimi nina barua. Katiba, nisomee, labda mimi ndiye sijui kusoma.

Katiba alivaa miwani. Kampuni ilimpa pole kwa msiba. Ilimsifu marehemu: miaka kumi na tisa bila kudai hata senti, dereva wa kupigiwa mfano, na kwa hiyo alikuwa na punguzo kubwa kuliko yote. Punguzo hilo lilikuwa la jina lake. Mjane, kwa kuwa hakuwa na rekodi, alihesabiwa dereva mpya. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili.

— Bima inakwisha Ijumaa, — alisema. — Bila bima gari halitoki, na mikate haina miguu.

 Wote walijua marehemu hakuwa mtu wa usukani. Macho yake yalikuwa yakiona jino la gurudumu la saa, lakini lori lililoko mbele yake yalilibahatisha.

— Niambieni, shemeji zangu. Miaka yote hiyo mlimwona nani akiendesha?

— Wewe, — alisema Breki.

— Basi punguzo limezikwaje na yeye?

— Kisheria... — Katiba alianza, akaigeuza barua kutafuta kifungu.

Wembe alijishughulisha na makaa yasiyohitaji kushughulikiwa. Miaka kumi na moja iliyopita, alfajiri moja, fundi saa alikuwa amechukua ufunguo kimyakimya ili aione dunia kutoka kiti cha dereva. Safari yake iliishia kwenye ukuta wa kinyozi. Alimshika Wembe mikono, akamwomba asimwambie mtu, hasa mkewe, na Wembe akautangazia mtaa kwamba ukuta umeangushwa na mvua. Ahadi ya rafiki ni ahadi. Lakini leo rafiki alikuwa anasifiwa kwa barua, na aliyestahili sifa anatozwa faini ya kufiwa. Wembe aliliweka birika chini.

— Shemeji, nisamehe, — alisema. — Ukuta huu haukuangushwa na mvua.

— Najua.

— Unajua?

— Alirudi nyumbani na kipande cha tofali kwenye boneti, akaniambia kagonga mbuzi. Nikamwambia, pole, mbuzi wa saruji ni wabaya sana.

Breki alisimama.

— Yaani miaka kumi na moja mvua ikinyesha mimi naukimbia ukuta huu nisije nikaangukiwa, kumbe ni fundi saa!

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi, na mwishoni hawakujua tena ni machozi ya nini. Kisha akatoa karatasi kwenye mkoba.

— Niandikieni nani alikuwa anaendesha.

— Ukuta tuuache, — alinong'ona Katiba. — Wasije wakasema walidanganywa.

— Uandikeni na ukuta. Sitaki punguzo lake la uongo. Nataka langu.

Katiba aliandika kwa mwandiko wake wa ofisini. Wembe alitia saini kwanza, kwa uangalifu kama siku yake ya kwanza kushika kichwa cha mtu. Mama akaenda nayo ofisini siku hiyo hiyo, huku mikate ikiwa bado ndani ya gari.

Ijumaa alirudi. Walisogea wakampisha kabla hajafunga mlango wa gari; alipokaa, Wembe akammiminia kahawa.

— Wamekubali, — alisema. — Miaka mitano.

— Kati ya kumi na tisa? — aliuliza Wembe.

— Mitano. Bei imeshuka kidogo, nimelipa, gari linatembea. Nikamuuliza yule karani wa bima kwa nini mitano. Akasema kompyuta yao inakubali mitano tu.

— Angalau, — alisema Katiba. — Heri nusu shari kuliko shari kamili.

— Sawa. Lakini ile kumi na minne mingine, gari lilikuwa linaendeshwa na nani?

  Katiba alikohoa kile kikohozi chake, wote wakamgeukia, lakini safari hii kilikuwa kikohozi cha kweli.

 Mama akamaliza kahawa yake, akawaachia mkate mmoja juu ya benchi, akaenda zake kusambaza.