Kitambaa Nilichokikata Mwenyewe

Ndugu zangu, mama zangu, amani ikae katika nyumba hii. Nimekuja na karatasi. Mnanijua, napenda kuandika, lakini leo sababu ni nyingine: nikisema bila karatasi nitaanza kujitetea. Jina la mtu sitalitaja. Niliyemkosea zaidi ameketi upande wa akina mama, na amenipa ruhusa.

Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Shule niliiacha darasa la nne. Yaliyobaki nilijifundisha. Kiingereza nilikipata katika kamusi isiyo na jalada, na hesabu katika vitabu vikuukuu vya shule za hapa Zambia nilivyovinunua sokoni Kashikishi. Kila asubuhi nilisoma saa moja kabla ya kushuka pwani kwa kazi yangu ya samaki.

Mke wangu nilimfundisha mimi. Tulikaa meza moja, yeye akiandika, mimi nikisahihisha kwa kalamu nyekundu. Alifanya mtihani wa darasa la kumi na mbili kama mtahiniwa wa nje akafaulu, na chuo cha ualimu kikamchukua. Binti yetu alikuwa na miezi kumi, bado ananyonya.

Pale chuoni wanafunzi wenye watoto walikuwa sita. Walijipatia chumba cha kuachia watoto karibu na uzio, na mlezi, mama mmoja mjane, Mubemba mwenyeji wa hapa aliyejifunza Kiswahili chetu kwa kuuza samaki. Yeye hajui kusoma. Utaratibu wake ulikuwa huu: mwanzoni mwa muhula kila mzazi alileta kipande cha kitenge, mama akakichana vipande viwili. Nusu moja alimfunga mtoto mguuni, nusu nyingine alibaki nayo mzazi. Anayekuja kuchukua mtoto anaonyesha nusu yake. Mimi, mtu wa vitabu, nilicheka. Nilisema, chumba gani hiki kisicho na daftari?

Sasa nawaambia ukweli ulivyoanza. Jioni moja nilisahihisha insha ya mke wangu. Akaitazama kalamu yangu, akasema kwa upole, “Papa, hapo mwalimu alisema iko sawa.” Nilifungua kamusi. Ilikuwa sawa. Tangu siku ile hakuniletea tena insha. Hakuwa na dharau. Hakuwa na haja tu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko dharau.

Pwani wenzangu wakapata la kusema. “Mwalimu! Sasa weye iko mwanafunzi wa bibi yako! Alikupa ngapi leo juu ya kumi?” Nilicheka nao. Nyumbani sikucheka. Nikimwona na vitabu vipya, vyenye jalada, nilitoka nje. Wengine huona wivu kwa sababu ya mwanaume mwingine. Ningekuwa na mwanaume wa kumwonea wivu, ningeona afadhali. Mimi niliuonea wivu mlango uliofunguka kwake na kwangu haukufunguka.

Ikafika siku ya mitihani. Karatasi ya kwanza asubuhi, mapumziko saa nne, ya pili saa tano. Niliijua ratiba vizuri, niliinakili mwenyewe. Saa nne angekwenda kumnyonyesha mtoto. Kile kitenge kilikuwa na masalio nyumbani, nikakata kipande cha upana uleule. Saa tatu nilikuwa mlangoni mwa kile chumba.

Yule mama alikitazama kitambaa, akanitazama mimi. “Mama yake anajua?”

“Anajua.”

Akanipa mtoto.

Ndugu zangu, miezi mingi nilijiambia nilitaka tu mke wangu aone kwamba chuo na kulea haviendi pamoja. Si kweli. Nilitaka ashindwe. Nimeliandika hivyo hapa ili nisiligeuze.

Nilipanda minibasi na mtoto mpaka Kashikishi, kwenye mchanga nilikoanika samaki. Alilia tangu njiani. Uji alitema. Nilimbeba begani, mgongoni, nikamwonyesha mashua. Hakunyamaza. Mama mmoja, mchuuzi aliyekuwa amevuka na mzigo kutoka kisiwa cha Chisenga, akamchukua mikononi mwangu, akamgusa paji la uso.

“Huyu mutoto si njaa tu. Anatafuta mutu. Mama yake iko wapi?”

“Iko ku egzame.”

“Na weye unamuleta huku ku samaki juu ya nini?”

Akanirudishia mtoto. “Papa, mupeleke. Samaki nitakugeuzia.”

Niliporudi ilikuwa inakaribia saa sita. Yule mjane alikuwa ameketi chini, miguu mitupu, ana matope mpaka magotini. Alikuwa amekimbia mpaka majini kuuliza wenye mitumbwi kama wameona mtu na mtoto. Mke wangu alisimama akiegemea ukuta. Na wale wanafunzi wengine watano, kila mmoja alikuwa na mtoto wake mgongoni. Waliposikia mtoto amepotea, wote walikimbilia watoto wao. Hakuna aliyerudi kwenye karatasi ya pili.

Mmoja wao, binti mdogo kabisa, akaniambia, “Papa, na egzame yangu umeibeba.”

Mke wangu alimchukua mtoto, akakaa, akamnyonyesha. Hakupiga kelele. Baadaye, bila kuinua macho, akasema, “Ungeniambia tu kama inakuuma.”

Nikasema, “Inaniuma.”

Hilo tu. Lakini ndugu zangu, ndipo nilipogeuka. Mtu mwenye maneno mengi, na lile moja sikuwa nimewahi kulitoa.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa chuo nikasema nilichofanya, mbele ya wote sita. Waliruhusiwa kuifanya ile karatasi ya pili pamoja na waliofeli, baada ya miezi mitatu. Lakini chumba kilikuwa kimekufa. Hakuna mzazi aliyeleta mtoto, na yule mjane alisema hataki tena. Nilikwenda kwake asubuhi nane mfululizo. Siku moja nilimpelekea daftari nililolipigia mistari vizuri: jina, saa, sahihi. Alilisukuma kando.

“Kitambaa hakikudanganya. Weye ndiye ulidanganya. Daftari yako ingefanya nini?”

Nikalirudisha daftari nyumbani. Asubuhi ya nane akasema, “Unataka wamama warudi? Basi ukae weye ku mulango. Wakuone kila siku.”

Wakati ule uvuvi ulikuwa umefungwa kwa msimu samaki wanapozaa, kazi haipo. Nilikaa mlangoni. Nilifua nepi, nilipika uji, nilibeba watoto wa watu ambao baba zao walinipita barabarani wakipiga mluzi. “Mwalimu amekuwa yaya!” Juma la pili alikuja mmoja na mwanawe. Wa mwisho kurudi alikuwa yule binti mdogo. Alikikaza kitambaa mguuni mwa mtoto, ndipo akanipa.

Wote sita waliifanya ile karatasi. Watano walifaulu. Mmoja alianguka, naye ni yule binti. Sijui kama angefaulu siku ile ya kwanza. Hakuna anayejua, na hilo nitalibeba mimi. Ameanza tena mwaka.

Msidhani wivu umekwisha. Juzi mke wangu alinieleza somo la chuoni, jinsi mtoto anavyojifunza kuhesabu. Nikamwambia, “Inaniuma tena.” Akacheka, akavuta kiti. “Kaa hapa, nikuonyeshe.”

Namshukuru yeye. Namshukuru yule mjane, yule mama wa Chisenga aliyenigeuzia samaki, na wale watano walioniachia watoto wao. Somo langu ni dogo. Ndugu mwanaume, mke wako akikupita, useme kwamba inauma. Ukinyamaza, mikono yako itasema, na itasema kupitia mtoto.

Nakunja karatasi. Uvuvi umefunguliwa, na Jumatatu mimi navuka kwenda Chisenga kununua samaki. Yule binti ana kipindi saa mbili asubuhi, na pale mlangoni, pa kumsaidia yule mjane, hakuna mtu. Baba zangu, nawauliza ninyi, si akina mama: nani atakaa?