Mizinga Yenye Uzito Mmoja

Benchi la nyuma ya chuo pale Plovdiv, Bulgaria, halikosi watu siku za mtihani, maana mashine ya kahawa iko ukutani jirani na mlango wa wasahihishaji unaonekana vizuri. Zornitsa alikaa katikati, kompyuta mapajani. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho mbele ya wasahihishaji. Akianguka leo, chuo basi. Na programu yake ya kutunza hesabu za mizinga ya nyuki ya baba yake ilikuwa imeamua kumwaibisha: akiongeza asali kwenye mzinga mmoja, yote inapanda uzito.

Wenyeji wa benchi hawakukosa majibu. Mmoja ni Profesa, aliyerudia somo hili la Java, lugha ya kuandikia programu, mpaka wenzake wakampa cheo hicho. Mwingine ni Banitsa, aliyeitwa jina la pai ya jibini isiyomtoka mkononi.

— Hilo si kosa, dada, — Profesa alisema. — Umoja ni nguvu. Mizinga yako inashirikiana.

— Baba anafuga nyuki, hajafungua chama cha ushirika.

— Basi tatizo ni urithi, — Banitsa akadakia, akimaanisha kitu kimoja cha programu kurithi sifa za kingine. — Mfanye nyuki awe mtoto wa mzinga, mzinga mtoto wa bustani, bustani mtoto wa Bulgaria. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Na wakiniuliza nyuki ni aina gani ya mzinga?

— Sema aina ndogo.

Zornitsa hakucheka. Profesa akashauri aonyeshe mzinga mmoja tu, kwani mmoja haugombani na mwenzake. Banitsa akaapa kuwa ni jua, limeipasha kompyuta ikaanza kuweweseka.

Msichana mgeni aliyekuja kununua kahawa akainama juu ya kioo cha kompyuta.

— Samahani. Hapa kwenye uzito, hili neno static mmeliweka kwa nini?

Banitsa akaacha kutafuna. Jana programu ilikataa kwenda, kompyuta ikachora mstari mwekundu chini ya kosa, ikapendekeza neno hilo yenyewe. Profesa akamwambia Zornitsa atii. Alitii, mstari ukatoweka, na tangu hapo uzito haukuwa tena wa kila mzinga. Ulikuwa mmoja, wa wote.

— Wewe ndiye uliyeniambia, — Zornitsa alimgeukia Profesa. — Ni kwa nini?

Profesa akachungulia kikombe chake kitupu.

— Hilo ndilo swali wasahihishaji wanaloniuliza mimi, — alisema taratibu. — Kila mwaka.

Zornitsa akalifuta lile neno. Mstari mwekundu ukarudi. Jina lake likaitwa mlangoni, naye akaingia na mstari huo hivyo hivyo, angalau kila mzinga ukiwa na uzito wake.