Maji Yasiyolazwa

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na halijawahi kukosa jibu. Alasiri hiyo Fundi Saa alifika amekumbatia chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Ndani, samaki wa mkewe alikuwa ameegemea upande, mapezi yamebana ubavuni, madoa meupe yamemtapakaa kama chembe za chumvi. Mke mwenyewe alikuwa hospitali, wiki ya tatu sasa, na kila Fundi alipokwenda kumwona aliulizwa samaki kwanza. Jana hakwenda. Juzi pia. Angemwambia nini?

— Kaanza lini? aliuliza Kinyozi, akimimina kahawa.

— Leo siku ya nne. Hali chakula. Anapanda juu, anafungua kinywa, anakifunga.

— Baridi hiyo, alisema Breki, dereva mstaafu wa lori. Mtie pilipili. Dawa ya moto ni moto.

— Moto uko wapi humo?

— Ndio huo utakaotiwa.

Kinyozi aliona ni upweke, awekewe kioo ajione wawili. Samaki mmoja akioza, wote huoza, alisema Breki. Kisha akapanda gia: samaki kaubeba ugonjwa wa mama. Akifa yeye, mama atainuka.

— Na akipona? aliuliza Kinyozi.

Breki akanywa kahawa yake.

Fundi hakuwa na nadharia. Kila asubuhi alimwaga maji yote, akasugua vijiwe vya ndani ya chupa kwa sabuni na mswaki, kimoja kimoja, kama anavyosafisha magurudumu ya saa, kisha akajaza maji mapya ya bomba, yananuka dawa ya kusafishia maji. Kadiri alivyosafisha, ndivyo samaki alivyozidi kulala.

— Kitu kikiwa safi hutembea, alisema polepole. Miaka thelathini sijaona saa iliyokataa.

Ndipo akatokea mdogo wa mkewe, anatoka hospitali, chupa tupu ya uji mkononi. Akamtazama samaki.

— Shemeji, maji umeyalaza?

— Kuyalaza?

— Dada huyalaza kwenye ndoo hadi kesho yake, dawa itoke, halafu hubadilisha nusu tu. Miaka sita, mbele ya macho yako.

Fundi aliikumbatia tena chupa.

— Daktari katuambia tusikae mbali, alisema yule mwanamke. Dada anauliza utakuja saa ngapi.

Breki alitafuta methali, akaikosa. Kinyozi aliinamisha birika. Yakatoka mashapo matupu. Fundi Saa, anayerekebisha saa za mtaa mzima, alitazama mkono wake usio na saa, akafungua kinywa, akakifunga.