Papa Firmin, Aliyekataa Kubembeleza Motere

Tarehe 31 Machi 1991, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Papa Firmin Bashige, fundi mkuu wa huduma yetu ya ndege ya wagonjwa hapa Uvira, anaweka spana chini. Hangari italazimika kuzoea ukimya, maana mwenzetu huyu huimba nyimbo za kanisa tangu bolti ya kwanza hadi ya mwisho, na hatujawahi kumsikia akiimba hata mmoja bila kuukosea sauti.

Ni mtoto wa wavuvi wa Kasenga. Alianza mwaka 1959 akiwaoshea vipuri mafundi Wabelgiji. Uhuru ulipokuja mwaka uliofuata, mafundi hao waliondoka karibu wote kwa pamoja, na ndege ikabaki na mtu mmoja tu aliyejua kila kipande kinakaa wapi. Wakubwa wakampeleka ng'ambo ya ziwa, Usumbura (leo Bujumbura), akasome. Akarudi na cheti, na ndege ikaruka tena.

Kisha ukaja uasi wa 1964. Firmin alijua kwamba yeyote atakayeikuta ndege nzima ataipeleka vitani. Kabla waasi hawajaingia mjini, alifungua silinda zote sita za motere, yaani injini ya ndege, akazifunga katika magunia na kuzifukia katika shamba la mihogo la mkewe, Mama Félicité. Waasi walipomtaka aiwashe, aliwaonyesha motere tupu. Walimpiga ili aseme silinda ziko wapi. Hakusema. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri tangu siku hizo, ndiyo maana sisi wote tumejifunza kusimama upande wake wa kuume.

Mji ulipotulia, alizifukua. Unyevu wa ziwa ulikuwa umezila, kuta zake zimejaa mashimo ya kutu. Silinda mpya zilifika mwanzoni mwa 1965.

Kwa wenzetu wa ofisini ambao hawajawahi kushika grisi: silinda mpya lazima ifanyiwe rodaje, yaani izoeshwe kazi. Ukuta wake wa ndani una mikwaruzo midogo ya makusudi, ya kushika mafuta, na pete za pistoni hazijakaa vema juu yake. Ili zikae, ndege iruke chini chini, hewa ikiwa nzito, kwa nguvu nyingi, saa kadhaa, bila kunguruma ovyo uwanjani. Ukiihurumia motere, mafuta ya kulainisha huungulia ukutani na kuacha ngozi inayong'aa. Pete huteleza juu yake, na silinda hunywa mafuta siku zote. Rubani mgeni hudhani kitu kipya kinataka upole. Papa Firmin aliwaambia wote neno moja: "Motere mupya haibembelezwe." Kisha alipanda nao ndege, akakaa pembeni kuhakikisha.

Mwaka ule rodaje ilikuwa na hatari yake. Askari wa ufukweni walikuwa wepesi kufyatulia risasi ndege inayozunguka chini. Firmin alipita kambi moja baada ya nyingine kwa baiskeli, akawaeleza makamanda ni ndege gani, itapita wapi na kwa nini. Hakuna risasi iliyopigwa.

Kazi ilikuwa haijafika nusu, siku redio ilipoita kutoka Luvungi. Mwandishi wa mistari hii ndiye aliyepokea: mjamzito wa huko, Mama Pudentienne, alikuwa na siku ya pili ya uchungu wa kuzaa, anatoka damu, na barabara ya kuja Uvira imefungwa. Rémy, rubani wetu, alisita. Motere ilikuwa bado inakunywa mafuta, na yeye ndiye angebeba roho za watu. Tena Firmin mwenyewe alikuwa amepiga marufuku safari yoyote kabla ya rodaje kwisha. Kushuka Luvungi, kusimama, kuwasha tena: ndiyo hasa mambo yanayoharibu silinda mpya.

Firmin alifuta mikono.

"Minye najua," akasema. "Silinda moja itaharibika, pengine mbili. Silinda iko na dawa yake. Ule mama, tukingoja, hana dawa. Twende wote."

Akapakia bidoni, yale madumu ya mafuta ya motere, akaketi nyuma. Walipita chini juu ya uwanda kwa nguvu zote, wakatua kwenye barabara nje ya Luvungi. Firmin aliongeza mafuta wakati mama akilazwa ndani. Kurudi, alimshika mkono mgonjwa huku jicho lake likiwa kwenye saa ya kupimia mafuta.

Hospitalini mtoto alizaliwa akiwa amekwisha kufa. Mama Pudentienne aliishi. Firmin alikwenda kumwona, akakaa naye na mumewe. Kisha akarudi hangarini, akaifungua silinda ya nne, iliyokuwa imeharibika kama alivyosema, akaisugua kwa jiwe la kunolea mpaka mikwaruzo ikarudi, na rodaje ikaanza upya. Kwa siku kadhaa hakuimba.

Silinda zile zilitumika mpaka muda wake wa kawaida ulipokwisha. Baadaye yalikuja mengi: ndege ya pili, karakana mpya, mafundi wengi waliopita mikononi mwake. Mmoja wao ni Murekatete, binti wa milima ya juu, aliyekuja akijua ng'ombe na leo anapokea funguo za hangari. Wiki iliyopita alimkatalia Papa Firmin kuiruhusu ndege iruke kwa sababu ya waya mmoja uliolegea. Mzee alirudi ofisini akicheka peke yake, akasema sasa anaweza kwenda nyumbani.

Papa Firmin, aksanti kwa mikono yako. Mungu akupe wewe na Mama Félicité siku ndefu zenye afya, samaki ndagala wengi na usingizi wa mchana usioamshwa na redio. Na Jumapili tutakuazimisha kwa kwaya ya Kasenga, wametuambia watavumilia.

Domitille, kwa niaba ya wafanyakazi wote