Bi Njuga na Chumba cha Magodoro

Baada ya miaka thelathini na minne katika Kitengo cha Usikivu, muuguzi tunayemwita Bi Njuga anastaafu tarehe 30 Juni. Funguo za chumba chake amekwisha kuzitoa kwenye kamba ya shingoni. Anasema shingo imekuwa nyepesi, na bado hajaamua kama anaipenda hali hiyo.

Jina alilipata mwaka wake wa kwanza. Wakati huo hatukuwa na mashine. Tulikuwa na njuga, kijiko, kikombe cha bati na ngoma ndogo ya kuchezea. Njuga alizitia mfukoni, na kwa kuwa ni mtu wa mwendo wa haraka, kwenye korido tulimsikia kabla hatujamwona. Watoto waliokuwa kwenye foleni waligeuka kutazama mlango. Yeye akiingia, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa yule ambaye hakugeuka.

Habari ya benchi humsimulia kila mfanyakazi mpya siku ya kwanza, hata kabla ya kumwonyesha choo kilipo. Mwaka wake wa tatu kazini, mama mmoja alileta mtoto wa kiume wa mwaka mmoja. Mlango ukibamizwa mtoto hushtuka, alisema, lakini akiitwa jina hana habari. Bi Njuga alimkalisha mtoto kando ya mama yake kwenye benchi refu la mbao, akasimama nyuma yao, akaiweka ngoma kwenye ncha ya benchi hilo hilo na kuipiga. Mtoto akageuka. Akapiga tena, akageuka tena. Mama akaambiwa mwanawe anasikia, wavulana huchelewa kusema, avute subira.

Akaivuta hadi mtoto akatimiza miaka minne bila neno hata moja. Aliporudi hakugomba. Alisema tu, "Mlinituliza, nikatulia."

Kilichomgeuza mtoto kilikuwa benchi. Mtetemo wa ngoma ulipita kwenye mbao ukamfikia mwilini. Miaka ile ambayo ubongo wa mtoto hunywa lugha kama mchanga unywavyo maji ilikuwa imepita, na huyu hakuwa ameonjeshwa lugha yoyote, ya mdomo wala ya mikono.

Benchi lilitolewa nje siku hiyo hiyo. Bi Njuga akaacha bangili na manukato, kwa sababu mtoto kiziwi anaweza kugeuzwa na mng'ao, na harufu, na upepo wa kiganja, hata na kivuli ukutani. Mgeni rasmi mmoja aliyeingia akinukia duka zima la marashi aliombwa kwa adabu akatazamie dirishani. Na wazazi waliosema wameshapima wenyewe nyumbani kwa kupiga makofi nyuma ya mtoto, aliwajibu, "Piga tena, ila safari hii usimpepee."

Kwa yule mama hakuishia kwenye kuomba radhi. Alimtafuta mwalimu wa lugha ya ishara, na kila Jumamosi wanawake hao wawili waliketi mkeka mmoja wakijifunza, mvulana katikati yao. Mvulana aliwapita wote wawili, akawa anawasahihisha na kuwacheka vidole.

Kilichomkosesha raha Bi Njuga kilibaki kuwa umri. Watoto walimfikia wakiwa wakubwa mno. Alitaka wapimwe kabla mama hajatoka wodi ya wazazi, na mashine ilipopatikana, ile yenye kidude laini cha kuingiza sikioni, aliomba chumba kilicho kimya karibu na wodi. Alipewa stoo ya fagio iliyopakana ukuta na chumba cha dobi. Aliufunika ukuta kwa magodoro yaliyochakaa, akaafikiana na dobi wetu, Babu Sabuni, kwamba kitambaa chekundu kikining'inia dirishani, mashine za kufulia zinazimwa. Kikikaa muda mrefu, mzee alikuja kuuliza kama kuna mtoto anapimwa au ni mpimaji aliyesinzia.

Sista wa wodi ndiye aliyekuwa mgumu. "Dada, mtoto kalala. Ukimwamsha, utamnyonyesha wewe?" Alipoelezwa kuwa mashine inamtaka mtoto akiwa amelala, alisema hiyo ndiyo mashine ya kwanza yenye akili kuingia jengo hili. Tangu hapo amekuwa akiwaleta mwenyewe, wamekolea usingizi.

Mvulana wa benchi leo ni seremala. Kiti cha mpimaji kilicho katika chumba cha magodoro ni kazi ya mikono yake, na miguu ya kiti ameivisha mpira wa tairi kuukuu. Siku alipokileta alikipiga konzi na kueleza kwa ishara, "Hiki si mmbeya."

Mwezi Machi mwaka huu mkewe alijifungua binti. Siku ya pili mtoto aliletwa amelala, kitambaa chekundu kikatundikwa, kwa dobi pakawa kimya. Mashine haikupata jibu sikio la kulia, wala la kushoto. Bi Njuga alitoka nje. Bibi wa mtoto, yule mama wa miaka ile, alikuwa amesimama koridoni. Bi Njuga alianza kusema kwamba kipimo cha kwanza si cha mwisho, jambo ambalo ni kweli.

"Safari hii usinitulize, dada," alisema bibi. "Niambie tunaanza lini."

"Tumeshaanza," alijibu Bi Njuga. Akampa siku ya kurudia na siku ya kipimo kikubwa, na zote mbili alikwenda nao.

Kipimo kikubwa kilithibitisha. Mtoto sasa ana miezi mitatu. Amevaa vifaa vyake vya kusaidia kusikia, ambavyo huvivua kila akipata nafasi, na mikono ya bibi yake inazungumza naye tangu wodini.

Bi Njuga, asante kwa njuga, kwa magodoro, na kwa kutusimulia habari ya benchi bila kuificha. Tunakutakia afya njema, na asubuhi za kulala mpaka jua liwe juu. Chumba kina mtu, kitambaa kiko msumarini. Watoto tutawapima wakiwa wamelala, na mama akitwambia ana wasiwasi, hatutamtuliza.